Komeo la Ndani ya Banda la Kuku

Jua bado halijakaza. Nyuma ya nyumba, Mama Mabanda amepiga goti moja juu ya gunia, misumari mitatu mdomoni, anapigilia bati kwenye ubavu wa banda jipya la kuku. Goti la pili, husema, lilishastaafu bila kumuaga.

Nyundo yake ameishika tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Leo anamjengea wifi yake, mke wa kaka yake, katika ua ule ule aliokulia. Kicheche aliingia banda la zamani kupitia sakafu iliyooza. Kati ya kuku kumi na wawili wamebaki watatu, na hao sasa wanalala jikoni.

"Ziba kote, wifi," anasisitiza mwenye kuku, panga mkononi. "Hata upepo usipite. Na lile bovu nalipasua kuni leo leo."

Lile bovu lilijengwa na marehemu mama yake Mama Mabanda, kwa mbao za masanduku ya chai. Fundi anatema misumari kiganjani, anafungua mlango wa banda jipya.

"Ingia."

"Mimi? Kwani nataka kutaga?"

"Ingia, wifi. Kaa kama kuku."

Wifi anaingia akicheka. Mlango unafungwa. Kicheko hakidumu.

"We wifi! Unanioka!"

"Na hao watatu je, usiku kucha, juu ya mavi yao? Huku tuweke dirisha la wavu, bati libaki upande wa mvua. Na sakafu tuinyanyue juu ya miguu, kicheche abaki chini anatazama."

"Weka wavu! Weka na mapazia! Nifungulie!"

"Jifungulie. Komeo liko kulia kwako."

Wifi anatoka jasho likimtiririka, kichwa kizima vumbi la mbao. "Komeo la ndani la nini? Kuku wamekwambia wanaogopa wezi?"

Mama Mabanda anakaa juu ya gunia, anatazama banda la zamani. Anasimulia kwamba mama yake, kila alipomaliza banda, alimwingiza yeye ndani, maana ndiye mtoto aliyeenea.

"Nilikuwa namwambia: mama, hapa panavuja, mama, hapa baridi inanipiga mgongoni. Yeye anazunguka nje na nyundo yake. Siku moja mlango ukakwama, nikalia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake akaweka komeo la ndani. Akaniambia, 'Ukichoka kuwa kuku, toka uwe mwanangu.'"

Tangu hapo hajajenga banda bila komeo hilo. Wateja wakimcheka, huwaambia ni urembo.

Wifi anakwenda kwenye lile bovu, anapenyeza mkono mlangoni. Komeo linateleza kwenda na kurudi. Analichezea kitambo, kisha analaza panga chini.

"Kuni nitatafuta kwingine. Ila mlango huu utaufunga wapi kwenye banda jipya?"

Fundi anacheka. Mlango mpya ameushikiza kwa waya tu. Bawaba bado ziko mfukoni. Nafasi ya mlango aliipima jana, kimya kimya, kwa mlango wa mama yake.

"Huu mpya nauchukua," anasema. "Nimewajengea watu miaka yote, kwangu hakuna hata unyoya. Mvua zikiisha najenga langu, kuku wawili tu wa kunisemesha asubuhi."

"Na goti hilo, nani ataingia ndani kulijaribu?"

"Si wewe? Umeshazoea."