Koti la Profesa

Mpima damu wa zahanati yetu tunamwita Profesa. Jina hilo hakupewa kwa heshima, ila mwenyewe hajui. Ukimwita anaitika na kifua anakitoa. Kalamu tatu mfukoni, hata moja haina wino. Koti lake la suti halivai kazini, analitundika kwenye msumari ukutani, na analipangusa vumbi kuliko anavyoipangusa hadubini.

Mwanangu aliposhikwa na homa, Profesa alimtoboa kidole, akachungulia kwa muda wa kupiga chafya, akaandika "hakuna." Tukarudi nyumbani na dawa ya mafua. Siku ya nne mtoto hataki titi, mwili unaunguza kama pasi. Nikarudi, akamtoboa tena, akachungulia vilevile.

"Mama, wewe unapenda tu hospitali. Malaria ni pete. Hapa hamna pete. Au nikuchoree?"

Pete, pete, utadhani anaposa.

Mwanangu midomo imemkauka, hata kulia hawezi. Nikaona karatasi ukutani imechungulia nyuma ya lile koti. Nikalinyanyua.

"We mama, acha koti la watu!"

Ilikuwa picha ya vimelea vya malaria. Mstari wa juu, uliokuwa wazi, ni pete kweli. Mistari ya chini ndiyo aliyoifunika mwenyewe: kimelea kimenenepa, hakina umbo, kama tone la uji lililomwagika, kisha kimejigawa punjepunje, tayari kupasuka, kila punje ikatafute chembe yake ya damu. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini najua kiwavi habaki kiwavi.

"Profesa, na hivi vya chini ni vya nani?"

Muuguzi mkuu alisikia kelele, akaingia, akainamia hadubini. Hakukawia.

"Vimejaa tele, vinagawanyika! Ulikuwa unaangalia nini, baba?"

"Vimebadilika sasa hivi tu, dada," akajibu, bila haya.

Mtoto alianza dawa palepale mapajani pangu. Siku ya tatu akaning'ata titi, nikapiga ukelele huku nacheka.

Juzi nimempeleka kupimwa tena. Koti liko palepale, limefunika vilevile. Sikugombana. Nililitungua, nikalikunja vizuri, nikampakatisha Profesa kama mtoto mchanga. Kisha nikanyoosha kidole cha mwanangu.

"Haya, baba. Sasa pima."