Kicheko cha Papa Asumani

Mimi ni mkunga. Miaka mingi napokea watoto wa watu hapa Kindu, na kazi hiyo haina nafasi ya uongo: mtoto akiwa wa kike, siwezi kumwambia baba yake ni wa kiume ili tu afurahi. Basi haya nitakayosimulia yapokee hivyo hivyo. Sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na ukumbi ulikuwa umejaa, kwa hiyo usipoamini mimi utawaamini wengine.

Jumapili jioni mimi huvua koti jeupe na kwenda kuchekesha watu. Usishangae. Mwalimu mmoja, jina lake Trezo, alikodi depo ya zamani, ghala la mizigo karibu na reli, ile ya kuta nene na mlango wa chuma. Akapanga mabenchi, akaleta jenereta, spika moja na maikrofoni, akapaita Mikro Wazi. Mwenye maneno anapanda, anapewa dakika kumi. Tunaanza jua likizama, tunamaliza kabla mafuta ya jenereta hayajaisha. Mlangoni kuna Mama Zaina na karai lake la mandazi. Hakuna zaidi ya hapo.

Miezi ya kwanza ilikuwa sherehe. Halafu kitu kikaharibika. Mtu anapanda na maneno matamu kabisa, na watu wanakaa kimya. Si kwamba wanachukia. Ukiwatazama unaona macho yanacheka, mabega yanatikisika, lakini sauti haitoki. Na mikono, niamini, mikono inapanda yenyewe kuziba midomo. Nilimuuliza dada mmoja baadaye: kwa nini ulijiziba? Akasema, "Mimi? Sikujiziba." Na alama za vidole bado zilikuwa shavuni.

Trezo alichoka. Akatuambia sisi wachekeshaji: Jumapili mbili zaidi, na kama ni hivi hivi, anarudisha funguo.

Jumapili ya kwanza kati ya hizo mbili nikapanda mimi. Nikatoa kile kisa changu ambacho hakijawahi kuniangusha, cha mwanamume aliyelazimisha kuingia chumba cha kuzalia ili amshike mkono mkewe. Alipoona kichwa cha mtoto, yeye chini, puu! Tukamnyanyua, tukamlaza kitanda cha pili. Mke akazaa salama. Akageuza kichwa, akamwona mumewe amelala pale na shuka, akaniuliza, "Na yeye amezaa nini?"

Kimya. Kimya kama cha kaburini, na mikono mia imeziba midomo.

Unajua inavyouma? Kusimama mbele ya watu wa mji wako, jasho linakushuka mgongoni, na unasikia jenereta peke yake? Nikatafuta hata uso mmoja wa kunisaidia. Ndipo nikamwona.

Alikaa benchi la tatu, karibu na ukuta. Mzee mwembamba, shati la kaki limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia ya watu wa reli kichwani. Amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa karibu naye walikuwa kimya zaidi kuliko wote, kana kwamba ubaridi unatoka kwake na kusambaa benchi kwa benchi.

Nikashuka nikiwa na hasira. Nikaenda nikaketi kando yake.

"Papa," nikasema, "kama sikukufurahisha, uniambie mimi. Usiwafunge wengine midomo."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mwili mzima ulitetemeka, mtetemo ninaoujua: si wa homa, si wa kilio. Ni wa mtu anayezuia kicheko. Akaondoa mkono mmoja mdomoni, akauweka juu ya wangu. Ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Halafu akainua kidole mbele ya midomo, sss, akanionyesha mlango wa chuma kwa kichwa, kama anayesema: wako nje.

Nikatazama mlango. Ulikuwa wazi, na nje hakukuwa na mtu ila Mama Zaina. Nilipogeuka tena, benchi lilikuwa tupu.

Nikakimbilia mlangoni.

"Mama Zaina, yule papa mwenye kofia ya reli ni nani? Alikuwa benchi la tatu."

Alikuwa anageuza mandazi, akaacha kugeuza.

"Iko na kovu hapa?" Akagusa juu ya jicho la kushoto.

"Iko nalo."

Mandazi yakaungua mbele yetu, wala hakuyaangalia. "Njo Asumani," akasema, njo ya kwetu, yaani ndiye. "Mutoto wangu, ule muntu tulimuzika wakati wa vita."

Wakati wa vita mimi nilikuwa mdogo, tumekimbilia upande wa Punia, kwa hiyo habari ya depo sikuijua. Mama Zaina akanieleza palepale, moto ukizimika. Papa Asumani alikuwa mtu wa treni, na hakuna aliyejua kuchekesha kama yeye katika mtaa mzima. Siku risasi zilipoingia mjini, watu wa mtaa walijifungia ndani ya depo, wazee, wanawake, watoto wachanga. Siku tatu. Wenye bunduki wanapita nje, na kila mtu anajua: sauti moja tu, wote wamekwisha. Siku ya tatu Papa Asumani akafa humo humo, bila jeraha.

"Alikufa na nini?" nikauliza.

Mama Zaina akafunika uso kwa kitenge. "Alikufa na kicheko. Alikizuia kikamuvunja moyo. Na mwenye kumuchekesha njo mimi." Kisha akaninong'oneza kilichotokea. Siri hiyo alikuwa hajamwambia mtu, hata mumewe marehemu. Kila Jumapili alikuwa akiuza mandazi mlangoni, na ndani hakuwahi kukanyaga tena tangu vita.

Nikamwambia, "Mama, Jumapili ijayo unapanda wewe."

"Miye? Mwanamuke mwenye wajukuu? Na haya yangu?"

"Umeibeba haya miaka yote hii. Na yeye amebeba kicheko miaka hiyo hiyo. Nani kachoka zaidi?"

Juma zima nilipita kwake kila nikitoka kazini, nakula mandazi nisiyoyataka. Ijumaa akaniuliza, "Mikro ile, muntu anaishika na mukono gani?" Nikajua nimeshinda.

Jumapili ya mwisho. Mzee alikuwa mahali pake, benchi la tatu, mikono mdomoni. Nilimwona mimi, na Mama Zaina alimwona, maana alipovuka kizingiti alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Akapanda taratibu. Watu wakashangaa: mama wa mandazi?

"Mimi njo Zaina," akasema. "Munanijua. Leo sikuleta mandazi, nimeleta zambi yangu."

Akawaeleza habari ya depo, siku tatu, watoto waliofundishwa kulia bila sauti. Wazee ukumbini walianza kuinamisha vichwa. Nilidhani nimefanya kosa kubwa. Halafu akabadilisha sauti.

"Tulikuwa tunakula maharagi hayakuiva, sababu moshi ungetuonyesha. Siku ya tatu wenye bunduki wakasimama pale, kwa ule mulango. Mutoto halii. Muzee hakohoi. Na tumbo langu linaniambia: Zaina, fungua. Naliambia: ngoja. Linasema: Zaina, sitangoja. Nikakaza. Nikaita majina ya mababu wote. Jamani, ikatoka. Haikutoka na heshima. Ilitoka ndefu, ikapanda mulima, ikashuka, na kwa mwisho ikauliza swali."

Mtu mmoja nyuma kule kicheko kikamtoka kwa pua.

"Inje mumoja akasema: 'Sikia, kuna muntu.' Mwenzake akavuta pumzi. Akasema: 'Hapana. Hapa kuna maiti ya zamani. Tutoke, tusipate magonjwa.' Wakaenda! Asumani alikuwa kando yangu. Akaniangalia. Nikaona kicheko kinamupanda kama maji ya Lualaba, akaziba mudomo na mikono miwili ili tusife. Na hakuiondoa tena."

Akageukia benchi la tatu.

"Asumani. Walikwisha kwenda. Mulango iko wazi. Cheka, ndugu yangu."

Mikono ya mzee ikashuka, mmoja, halafu wa pili.

Sitaki uniambie ilikuwa spika, au upepo. Kicheko kilianza chini sana, kizito, polepole, kama treni inapovuta mabehewa ya kwanza, kisha kikashika mwendo, kikajaza depo, kikagonga mabati. Kila mtu aligeuka. Kila mtu alimwona, niamini, na hakuna aliyekimbia, maana nani angekimbia? Mikono yote ilianguka kutoka midomoni, na vicheko vya majuma yote yaliyopita vikatoka pamoja. Watu walianguka chini ya mabenchi. Wazee waliokuwa humo wakati wa vita walikumbatiana wakilia na kucheka, wakisema, "Zaina! Njo wewe? Tulisema ilitoka kwa muke ya mupishi!"

Papa Asumani akasimama. Akavua kofia, akamwinamia Mama Zaina mpaka chini, akatoka kwa mlango wa chuma, na kicheko chake tukakisikia kikifuata reli, kikipungua, mpaka kikawa mbali.

Trezo hakurudisha funguo. Siku hizi watu wanatoka Kailo, na mara moja bwana mmoja alikuja kwa pikipiki kutoka Pangi, siku mbili za matope, ili amsikie Mama Zaina. Sasa mandazi anauza binti yake. Yeye ana dakika ishirini peke yake, na anadai ishirini na tano.

Lakini haikuwa bila gharama. Sisi sote tuliokuwa ndani jioni ile, kicheko hatuwezi kukizuia tena. Ni kweli kabisa. Nimecheka msibani mara mbili. Trezo alicheka mbele ya mkaguzi wa shule, na bado anaandika barua za kuomba radhi. Padri mmoja aliyekuja siku ile kwa siri, jina lake silisemi, sasa anaongoza misa mgongo kwa watu.

Basi nakuonya. Ukifika Kindu, ukaingia depo yetu, usikae na mkono mdomoni. Wenyeji watakuondolea, na hawatakuuliza. Na kama nyumbani kwako kuna mzee ambaye watu wote wakicheka, yeye hacheki, usimwite mkali. Keti karibu naye leo, kabla hajazikwa, umuulize wakati wa vita alikuwa amejificha wapi, na nani alikuwa kando yake.