Herufi Moja na Jina la Ukoo

Tarehe tisa Juni 1975 nilifiwa na mume wangu. Tulimzika kwao, magharibi, kisha nikarudi Kibera kwa sababu chumba chetu kilikuwa huko na sikujua mahali pengine pa kwenda.

Wiki ya pili barua yenye jina lake ilifika kwenye sanduku la posta la kanisa. Chuo kikuu kilitaka watu wa kuzunguka Kibera na Kawangware wakiuliza akina mama watoto wao wanakula nini. Mume wangu, seremala mwenye cheti cha kidato cha nne, aliomba kazi hiyo kabla hajaugua. Sasa walikuwa wanamwita kwa mahojiano.

Jirani yangu, muuza samaki, aliisoma barua mara mbili.

"Hawajaandika Bwana wala Bibi. Herufi moja na jina la ukoo. Na wewe herufi yako si hiyo hiyo?"

"Ni hiyo."

"Basi nenda wewe. Hao wasomi wamekuona wapi?"

"Mimi niliishia darasa la saba."

"Kwani kuuliza mtu amekula nini kunataka digrii? Mimi nauliza kila siku na hakuna anayenilipa."

Wanawake wa ploti, wapangaji wenzetu, walicheka. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikaendelea kusonga.

Nilitoka nyumbani nikijiambia naenda kuwaarifu tu. Lakini nilibeba cheti chake.

Ofisini, kijana mwenye miwani alipokea barua, akasoma jina kwenye orodha. Nikasema, "Ni mimi." Sikuona hofu wala aibu. Sikuona kitu. Aliniuliza mengi kuhusu vichochoro vyetu, na yote niliyajua.

"Ukibisha hodi ukute nyumba ina matanga, utaulizaje maswali yako?"

"Sitauliza. Nitaketi na wenyewe, nirudi siku nyingine."

"Na fomu?"

"Itakaa kwa mkoba."

Aliandika mstari mrefu. "Wenzako wote wamesema wangeuliza haraka haraka waende zao," alisema. "Nafikiri tutafanya kazi pamoja, mama. Nipe cheti."

Nikampa. Alisoma, akanitazama, akasoma tena.

"Hii ni shule ya wavulana."

"Cheti ni cha mume wangu. Yeye ndiye mliyemwita. Amefariki."

"Na chako?"

"Ni cha darasa la saba. Kiko nyumbani."

Alivua miwani. Alisema pole. Halafu alisema sharti ni kidato cha nne, na si yeye aliyeliweka. Nikamwambia nimeelewa. Alikikunja cheti kwa mikunjo yake ileile akanirudishia, lakini barua alibaki nayo. Akaniomba nikitoka nimwambie anayefuata aingie.

Kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamume mmoja mwenye tai, bahasha magotini. Nikamwambia aingie.