Alamu Iliyohesabu Salamu

Mama yangu alipika uji katika shule ya watoto wadogo kule Kawangware, karibu na kituo cha 46. Sisi tulikaa Soweto West, Kibera, na alikwenda kwa mguu kila asubuhi. Uji ulitakiwa kuwa mekoni saa moja. Yeye alifika saa moja na nusu. Mwenye shule alimwambia akichelewa mara moja tena, asivue hata kitambaa cha kichwa, ageuke arudi alikotoka.

Mimi nilikuwa nimejifunza kutengeneza programu za simu, na kwa miaka miwili sikuwa nimetengeneza kitu kilichomsaidia mtu yeyote. Nikasema hapa ndipo penyewe. Nilimtengenezea alamu inayojua ulipo na unakokwenda, inayokokotoa muda wa njia na kulia ukifika wakati wa kuondoka. Ramani ilisema dakika hamsini na nane. Nilimtuma Jumapili akajaribu, akatumia saa moja na nusu.

"Njiani kuna watu," alinieleza. "Ulitaka niwapite kama ng'ombe?"

Basi nikawaingiza watu kwenye hesabu. Muuza mandazi, dakika sita. Fundi viatu, nne. Mzee wa kanisa, kumi na mbili, kwa sababu yeye hasalimii bila kuomba. Alamu ikarudi nyuma, Mama akaondoka mapema zaidi. Lakini saa hiyo akakutana na foleni ya maji, akina mama na mitungi yao, na hakuna hata mmoja wa kupitwa kimya. Nikaiongeza foleni, alamu ikarudi nyuma tena, akakutana na waliotoka kwenye maombi ya alfajiri. Kadiri alivyotangulia ndivyo njia ilivyojaa. Wiki nzima aliponea chupuchupu, kwa kukimbia kuanzia Ngong Road akiwa na viatu mkononi.

Alhamisi jioni, akisonga ugali, simu ililia. Ilimtaka aondoke saa hiyo hiyo ili awahi uji wa Ijumaa.

"Na nikifika nilale ndani ya sufuria?" aliuliza, mwiko ungali mkononi.

Nilikasirika. Sikuikasirikia alamu, nilimkasirikia Mama. Nilimwambia maneno yake mengi ndiyo yatakayomfukuzisha kazi, na kwamba kesho ningefuatana naye nimpime kila salamu kwa sekunde. Nyani haoni kundule.

Ijumaa tukatoka saa kumi na mbili kasoro dakika tatu. Muuza mandazi alianza, "Sasa Mama? Na ule kijana yako, alipata job?" Kisha akaniona nyuma ya Mama. "Kumbe ndio huyu!" Mama alimpungia mkono, akaendelea kutembea. Mimi nilibaki nikieleza.

Fundi viatu alisimamisha sindano. "Wee, niaje! Si tulisikia ulienda Qatar? Mathe yako hutuambia tu uko sawa, uko sawa. Uko sawa?"

Nikasema niko sawa. Aliniangalia vizuri, akavuta stuli niketi.

Kwenye foleni ya maji waliniuliza kama bado nilikuwa silali, kama tumbo lilipona, kama yule msichana alirudi. Walijua kila kitu. Mzee wa kanisa aliniwekea mkono kichwani, akamshukuru Mungu kwa kuniona kwa macho, maana kila asubuhi alikuwa akiniombea bila kuniona. Zile dakika kumi na mbili, kumbe zote zilikuwa zangu. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Kitambaa cha buluu cha Mama kilikuwa kimeshavuka reli, na simu yangu ilikuwa ikilia mfukoni kwamba nimechelewa.

Nilifika saa mbili kasorobo. Watoto walikuwa wanakunywa uji, tena uliopoa vizuri. Mama alikuwa amewahi dakika tano kabla ya saa moja. Alinijazia kikombe bila kuniuliza nilikokuwa.

"Jumatatu utakuja tena?" alisema.

"Nitakuja."

Nilikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakinigusa kidevu, nikafuta orodha yote ya watu kwenye alamu. Nikarudisha zile dakika hamsini na nane. Ramani haikuwa imekosea. Ilikuwa imempimia mtu ambaye mwanawe hujibu salamu zake mwenyewe.