Baba na D+ Yangu ya Hesabu

Baba yangu hakuwahi kunipigia makofi nikiongoza, kwa sababu sikuwahi kuongoza. Katika timu ya mbio za nyika ya shule yetu, huko Elburgon, mimi nilikuwa wa nne, mwaka nenda mwaka rudi. Hilo halinisumbui hata kidogo. Asiyezijua mbio hizo hudhani wa nne ni wa kujazia basi la shule.

Mambo yenyewe ni hivi. Wanakimbia sita, wanahesabiwa wanne wa kwanza. Anayemaliza nafasi ya kwanza huipa timu yake pointi moja, wa ishirini pointi ishirini, kisha za wale wanne zinajumlishwa, na timu yenye pointi chache ndiyo bingwa. Kwa hiyo wasichana wawili wakinipita matopeni karibu na utepe, ni mimi niliyeiongezea timu pointi mbili za hasara. Baba, ambaye ujanani alikimbia katika timu ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi, alilijua hilo vizuri. Alikuwa akisimama kwenye mlima wa mwisho, anawaacha nyota wapite huku amenyamaza, halafu nikitokea mimi anapiga kelele hadi sauti inamkauka. Siku tuliposhinda kaunti nzima kwa pointi moja, nilikuwa nimewapita wawili kwenye mlima huo. Hadi leo nikipita pale najivuna, tena bila haya.

Darasani nilikuwa mtu mwingine. Nilitaka kuwa mwalimu, nikataka kusomea chuo kikuu, na mlango wa chuo kikuu ni wastani wa C+ katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Masomo saba huhesabiwa. A ina pointi kumi na mbili, E ina moja, na C+ inaanzia jumla ya arobaini na sita. Hesabu lazima iwe miongoni mwa hayo saba, upende usipende. Mimi sikuipenda, nayo haikunipenda, na muhula baada ya muhula nilileta E nyumbani. Mwaka wa mwisho nikasema imetosha. Kila asubuhi baada ya mazoezi, kabla jasho halijakauka, nilikuwa nakaa na kitabu cha hesabu mpaka kengele ilie.

Matokeo yalipotoka nilimkuta Baba uani akipasua kuni. Nikamwambia nimepata arobaini na sita. Akaweka shoka chini, uso ukamsawijika.

"Ni nyingi, mami," akasema polepole. "Lakini usijali, utarudia."

Nilicheka hadi nikakaa kwenye gogo. Nikamweleza kwamba huku ni kinyume, nyingi ndizo nzuri, na arobaini na sita imenitosha kabisa, bila hata moja ya ziada. Baba mwingine angeuliza ni somo gani lililong'aa. Wangu alikuna kidevu, akauliza nani alikuwa wa mwisho kati ya waliohesabiwa.

"Hesabu," nikasema. "D+. Pointi nne."

"Na zingekuwa tatu?"

"Ningebaki nje."

Alinishika mabega kwa mikono yake iliyojaa vumbi la mbao, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama pale mlimani, na macho yakamlowa.

Jumapili hiyo, ibada ilipokwisha, alisimama mlangoni mwa kanisa akisalimia kila aliyetoka. Alimwambia pasta kwamba binti yake amepata D+ ya hesabu. Akawaambia wazee wa kanisa, akawaambia wanakwaya. Watu walimpa pole, wengine wakanitazama kwa huruma. Mama alimvuta koti, akamnong'oneza ataje basi ile B+ ya Kiswahili.

"Hiyo ingefika tu hata bila kelele zangu," Baba akamjibu, huku ameshika mkono wa mtu mwingine. "Wacha kwanza wasikie D+."

Nami nilisimama kando yake, shingo juu, nikingoja aitaje tena.