Mzee Ubwa na Mashine Zisizouliza

Mtu akimpelekea Ubwa Jaku redio mbovu, kwanza alijibishwa maswali. Ilizimika ghafla au ilififia kidogo kidogo? Imewahi kuanguka? Pale inapowekwa panavuja? Yote hayo kabla fundi hajagusa hata skrubu moja. Alifungua kibanda chake Ng'ambo, Unguja, mwaka 1985, na mtaa mzima ulimcheka kwa tabia hiyo. Aliyemcheka kuliko wote alikuwa mkewe, Maryam: "Mume wangu huyu huiuliza chumvi kama iko tayari kuingia chunguni."

Lakini redio alizotengeneza Ubwa hazikurudi. Bibi mmoja alihojiwa mpaka akanuna, mwisho akakumbuka kwamba redio yake ilianza kukoroma alipoihamishia juu ya kabati la vyombo. Ubwa akaifungua, akakuta mayai mawili ya mjusi. Akayatoa kwa kijiko, redio ikaimba.

Redio zilipopungua, Ubwa alijifunza kompyuta, kitabu mkono huu, kamusi mkono huu. Mwaka 2003 alikuwa fundi wa kituo kidogo cha mafunzo huko Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya zamani ambayo dari yake ilidondosha chokaa kama unga wa ngano. Msimamizi wake alikuwa Shaima, msichana wa miaka ishirini na sita, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Wa tatu alikuwa Bi Mwatum.

Bi Mwatum alikuwa amestaafu kituo cha kilimo cha Kizimbani, alikotembea miaka mingi katika mashamba ya mikarafuu na daftari mkononi, akiandika mti gani umechanua, upi umezaa haba, upi umekufa na kwa ugonjwa gani. Sasa aliweka hesabu ya wanafunzi wa kituo, na saa za mapumziko aliyahamishia madaftari yake ndani ya kompyuta, kwa vidole viwili. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Mchwa nao hawakulala. Alipomaliza daftari la mwisho, yale ya mwanzo yalikuwa yamebaki majalada tu. Miti yote ya Bi Mwatum ikawa inaishi pahala pamoja, ndani ya diski ya mashine iliyokuwa chini ya meza yake.

Mwaka huo kituo kilipata kompyuta kumi na mbili zilizokwisha kutumika kwingine. Zilitakiwa zisafishwe zote na kuwekewa mfumo mpya kabla ya Jumamosi, siku ya ufunguzi wa chumba kipya cha kompyuta. Kazi ngumu ilikuwa kuikata diski. Diski hugawiwa kama nyumba inavyogawiwa vyumba, na Ubwa alipenda kuigawa mafungu mawili: la mbele likae mfumo, la ndani zikae kazi za watu. Siku mfumo ukiharibika, unabomoa la mbele unajenga upya, la ndani haliguswi. Kwa mkono, kila mashine ilikula saa mbili, ikiuliza yale yale: lugha gani, saa za nchi gani, ukuta upite wapi, una hakika?

Ubwa akasoma kwamba majibu hayo yote yanaweza kuandikwa mara moja katika faili, faili likatiwa kwenye diski ndogo, na mashine ikajisomea na kujijenga yenyewe, mtu hayupo. Alilala na kuamka na jambo hilo wiki mbili. Faili lilipokamilika alimwonyesha Shaima kwa haya, kama mtu anayeonyesha shairi lake la kwanza. Mashine ikajiendea, ikajiendea, kisha ikasimama. Iliuliza kama iikate diski.

"Hii imekwama, Mzee Ubwa?"

"Haijakwama. Inataka ruhusa. Swali hilo nimeliacha makusudi."

"Kumi na mbili zitasimama hivyo hivyo, na we uko msikitini? Zikungoje umalize na nyiradi?"

"Mwanangu, kukata si jambo la kurudi nyuma."

"Za nani humo? Zimekuja na uchafu wa watu tusiowajua. Ondoa, Mzee wangu. Kama zajiendea, nazijiendee."

Ubwa aliuangalia mstari wa swali lile muda mrefu. Kisha akauondoa, akaandika mwingine: futa yote, kata, endelea.

Alkhamisi jioni mashine moja kati ya zile kumi na mbili ikafa kabisa. Ubwa aliitoa, akaacha pengo la tatu kutoka dirishani, akaenda zake nyumbani.

Bi Mwatum aliliona pengo lile kabla hajafunga ofisi. Wageni watakuja Jumamosi, wataona safu ya mashine imeng'oka jino, na aibu itakuwa ya Shaima, mtoto wa watu, na siku yenyewe ndiyo yake ya kwanza kusimama mbele ya wakubwa. Jambo kama hilo husitiriwa, tena husitiriwa kimya, maana ukimtangazia mtu kwamba unamsitiri umeshamfedhehesha. Bi Mwatum akaichomoa mashine yake chini ya meza, akaiweka penye pengo. Mashine zote alikuwa amezishonea vifuniko vya kitambaa cha marikani kuzuia chokaa, vyenye tundu mbele la kutilia diski. Akaivika na yake. Haikujulikana ipi ni ipi.

Ijumaa saa mbili asubuhi Ubwa alikuta safu imejaa. Bila shaka, alifikiri, Shaima amepata nyengine kwa marafiki zake. Alitaka kumwuliza, lakini Shaima alikuwa kwenye simu, akigombana na mtu wa viti. Basi akatia zile diski ndogo kumi na mbili katika matundu kumi na mawili, akasema Bismillahi, akaziwasha.

Zilikwenda! Taa zilipepesa, maandishi yakapanda kwenye vioo vyote kumi na viwili kwa mpigo mmoja, na hakuna hata moja iliyomwuliza kitu. Ubwa alisimama mikono nyuma, akicheka peke yake.

Bi Mwatum akaingia na sahani ya vileja.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Hebu njoo uone maajabu."

"Marahaba. Nnaona. Ile yangu umeiruka, eeh?"

"Yako ipi?"

"Hiyo ya tatu. Nimeiazima kuziba pengo. Sikukwambia, n'najua we huanzi kazi hujauliza."

Ubwa aliruka meza, yeye na miaka yake hamsini na mbili, akang'oa waya ukutani. Kioo cha tatu kikawa cheusi.

Kwa kitambo kidogo hakuna aliyejua kitu ila yeye. Angeweza kusema umeme umeharibu. Unguja nani angebisha? Akageuka.

"Bi Mwatum, nimekukatia miti yako. Mimi, kwa mkono wangu. Sijui imebaki mingapi."

Bi Mwatum aliitua sahani polepole, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Shaima alikuja mbio, akasikia, akaanza kulia. "Mie ndiye niliyemwambia aondoe swali!"

"Nyamaza, mwanangu," Ubwa alisema. "Faili nimeliandika mie."

Ufunguzi ulifanyika na pengo lake, na wageni hawakulitazama mara mbili. Ubwa hakuwepo. Alikuwa kibandani kwake Ng'ambo na diski ya Bi Mwatum peke yake, ameifunga kwenye mashine nyengine, akiipapasa kwa programu inayotafuta alama za kuta zilizobomolewa. Kuta zilikuwa zimehamishwa, lakini sehemu kubwa ya vyumba ilikuwa haijapakwa rangi mpya. Siku ya nne miti ikaanza kujitokeza: mwaka wa tisini, tisini na moja, ikashuka mpaka wa mwisho. Ya 1986 mpaka 1989 haikuonekana. Mfumo mpya ulikuwa umeshaanza kukaa juu yake.

Alimpelekea mwenyewe, akamwambia ilivyo, bila kupunguza.

Bi Mwatum alipitisha macho kwenye kioo kwa muda. "Miaka minne tu?"

"Minne, Bi Mwatum."

"Minne hiyo nnayo." Akagusa kipaji cha uso wake. "Lakini hapa mjini haiji. Itakuja kule kule nilikoiona. We Jumamosi una kazi?"

Hakuwa na kazi. Maryam aliwafungia mikate ya kumimina, na saa tatu walikuwa Kizimbani, Bi Mwatum mbele na bakora yake, Ubwa nyuma na daftari jipya. Bi Mwatum alisimama penye kila mkarafuu, akashika gome, akafumba macho, akasema ulivyozaa miaka ile. Mwengine aliusema haraka, mwengine ulimchukua muda, na mara mbili alirudi nyuma kusahihisha.

Penye kisiki kimoja Ubwa alitaka kupita.

"Unakwenda wapi? Huu ulizaa vizuri thamanini na saba. Andika."

Akaandika. Ilikuwa ndiyo kwanza safu ya pili, na jua lilikuwa halijafika utosini.