Nilijificha majanini Kagunga kumpiga picha mdiria, mtumbwi wa wakimbizi ukageuka

Wakuu, heshima yenu wote, wakubwa shikamooni.

Hii imenikuta mwenyewe na sijaitia chumvi hata punje. Mimi ni muoga wa kuzaliwa, mlango ukigongwa kwa nguvu tu naingia uvunguni. Kwa hiyo mnielewe.

Natokea Gungu, hapa Kigoma. Kazi yangu fundi simu, ila ugonjwa wangu ni kupiga picha ndege wa porini na wa ziwani. Nilikuwa kwenye group moja la wapiga picha wa ndege. Unaweka picha, wenzako wanakukosoa. Kubembelezana hakuna kule.

Picha zangu za mdiria, yule anayening'inia hewani kisha anajitupa majini kuvua, zilikuwa zinachanwa kila siku. Kaka mmoja wa Arusha, mkali huyo, akaniandikia: "Unampiga kutoka juu kama unamtolea kitambulisho. Lala chini, lenzi iwe usawa wa jicho lake. Jifunike. Usitikisike."

Roho iliniuma, ila nikaona ana hoja. Nikaishonea lenzi soksi ya kijani, nikapanda boti hadi Kagunga kwa shangazi yangu, anaanika dagaa kule.

Sasa kumbukeni, miaka ile ndiyo watu wa Burundi walikuwa wanavuka kwa wingi wakikimbia risasi, na Kagunga iko mpakani kabisa. Mimi akili yote ilikuwa kwa mdiria.

Asubuhi nikalala kifudifudi kwenye majani ya ufukweni, nimejifunika shuka, lenzi imetokeza mbele. Mdiria akatua kwenye kijiti majini. Nikabonyeza. Jamani, jicho lilikaa kwenye focus kwa mara ya kwanza!

Ndipo nikasikia watu wanapiga mayowe ziwani.

Kuinua kichwa, naona mtumbwi uliojaa wanawake, watoto na wazee unageuka haraka kurudi kilindini. Umeelemewa hadi maji yanachungulia ukingoni. Wimbi likaupiga ubavuni, ukainama upande mmoja, mtoto akalia.

Wanakimbia nini? Nikatazama nyuma yangu, hakuna mtu.

Nikatazama kilichokuwa mkononi mwangu. Dude refu limevishwa kitambaa cha kijani, na mtu amelala nyuma yake. Wakuu, walikuwa wananikimbia mimi.

Nikasimama, mikono juu, nikapaza sauti kwa Kirundi changu cha kuungaunga: "Ntimutinye! Ni inyoni!" Yaani msiogope, ni ndege. Wakazidi kupiga makasia. Hivi wewe ungemsikiliza mtu aliyeibuka majanini? Nikaanza kulia, sioni aibu kusema. Nilijua wanazama pale pale na mimi ndiye niliyewazamisha.

Shangazi akaja mbio, akaingia majini hadi kiunoni na kitenge chake. "Ni umwana wacu! Ni mtoto wetu, njooni!" Anawabembeleza wao, ananiporomoshea mimi: "Weka hilo dude chini, mpumbavu we! Kaa mbali nalo!"

Nikaliweka mchangani, nikaenda kukaa mbali.

Mtumbwi ukasimama. Ulikaa pale ukiyumbayumba. Halafu taratibu ukarudi.

Walishuka wote wazima. Mzee mmoja kati yao akanijia.

"Shikamoo mzee. Nisamehe sana."

"Marahaba. Nionyeshe ulichokuwa unalenga."

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akamtazama mdiria. "Ni huyu tu?" Kisha akakaa mchangani, akatetemeka mwili mzima. Shangazi akamfunika shuka langu.

Kuna mama alikuwa na mtoto mgongoni. Alizunguka mbali kabisa ili asipite karibu yangu. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Niliporudi mjini niliiweka ile picha kwenye group. Sifa zikamwagika. Kaka wa Arusha akaandika: "Hapo sasa! Jicho wembe. Na hilo doa la kahawia kwenye background limeipendezesha."

Nikamjibu: "Hilo doa ni watu, kaka." Nikasimulia yote.

Jioni ndiyo akaandika: "Pole. Ukiwa huko kaa wima, watu wakuone. Ndege akiruka, aruke."

Sijawahi kukosolewa vizuri namna ile. Siku hizi nakaa juu ya ndoo, shati la njano, na kamera haitoki kabla sijasalimia ufukwe mzima. Ndege wananitoroka, kweli. Wengine wananizoea, na jicho nalipata.

Nilichojifunza: mwenzako anakosoa anachokiona kwenye picha. Waliosimama mbele ya lenzi yako unawajua wewe tu, hilo usimwachie mtu wa mbali.

Mnaopiga picha maeneo yenye watu waliokimbia bunduki, mnajionyeshaje? Pondeni tu, nimezoea. Na kama yule mama yumo humu, au kuna anayemjua, naomba aniandikie hata neno moja. Hata kama ni tusi.